Haisi ya Mjomba Inageuka Chumba

Najua nimepotea kidogo. Majaribio yalinibana, halafu kila Jumamosi nashinda gereji. Ndiyo, gereji! Ngoja niwape mkanda mzima.

Sisi wa ualimu huwa tunakwenda mashuleni kufundisha kwa vitendo. Safari hii nimepangwa kijijini, wiki nane. Nyumba za walimu zimejaa, na chumba pekee kilichopatikana mwenyewe anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Bumu lenyewe mnalijua. Mama akasema basi atauza magunia mawili ya mahindi. Sasa hayo mahindi ndiyo chakula cha wadogo zangu mpaka mavuno. Nikamwomba asubiri kwanza.

Mjomba ana Toyota HiAce, kipanya kilichostaafu udaladala. Injini bado nzima, ila siti zimechanika na bati limeanza kuliwa. Alikuwa anataka kuiuza kama chuma chakavu. Nikamwambia, "Mjomba, niazime niifanye chumba." Akacheka mpaka akakohoa. "Ukilala humo usiku mmoja bila kulalamika, chukua."

Drili sijawahi kushika maishani, lakini Fizikia na Hesabu ndiyo masomo yangu, kwa hiyo nilianza na tepu. Nyuma ya siti za mbele kuna mita 2.9 kwa urefu, 1.5 kwa upana na 1.3 kwa kimo. Kusimama sahau! Kitanda nimekipa sentimita 75 ubavuni, njia inabaki nyingine 75. Chini ya kitanda ni sanduku la nguo, vitabu na dumu la maji la lita 20. Dumu hilo ni kilo 20, kwa hiyo linakaa chini kabisa na kufungwa kamba, lisije likaruka dereva akifunga breki.

Kabla ya urembo wowote ni kutu. Ukiifunika kwa plaiwudi inaendelea kula kimyakimya. Tuling'oa siti zote za abiria, tukasugua sakafu kwa brashi ya waya, fundi akachomelea palipotoboka, ndipo tukapaka rangi ya kuzuia kutu. Huyo fundi siku ya kwanza aliniuliza, "Kaka yako yuko wapi nimweleze?" Nikamjibu mwenye kazi ni mimi. Siku hizi ananiita mwalimu.

Umeme ndio ulioninogea. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200. Lakini betri hizi za maji ya asidi ukizinyonya zaidi ya nusu mara kwa mara zinakufa mapema, kwa hiyo nahesabu 600 tu. Taa ya wati 5 kwa saa 4 ni 20. Feni ya wati 15 kwa saa 8 ni 120. Kompyuta ya wati 40 kwa saa 3 ni 120. Simu kama 15. Jumla 275, hata nusu ya 600 haifiki! Paneli ya sola ya wati 100 ikipata saa nne za jua kali inarudisha hiyo na chenji. Fyuzi inakaa karibu kabisa na betri, maana bodi nzima ya gari ni chuma: waya ukichubuka ukaigusa, ni moto.

Na hili naomba mlishike hata kama hamna gari: jiko la mkaa haliingii ndani, hata kama kuna baridi ya kung'ata. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Unasinzia, huamki. Mimi nitapika nje, na madirisha mawili yanayotazamana yamewekwa wavu, yanabaki wazi kidogo usiku. Hata pumzi yako tu ukijifungia inageuka maji kwenye bati, na kutu inarudi.

Mama ameweka masharti yake: niegeshe ndani ya uzio wa shule, jirani na mwalimu wa kike, na mlango uwe na komeo la ndani. Mkuu wa shule amekubali, komeo limeshafungwa. Mjomba anashughulikia kadi na bima, maana gari limesajiliwa la abiria na matumizi yanabadilika.

Mpaka sasa gharama haijafika nusu ya kodi ile, na mahindi bado yako ghalani. Jumamosi ijayo nalala humo usiku wa kwanza, mjomba ndiye msimamizi wa mtihani. Mwenye ujuzi wa kupunguza joto la bati la juu mchana anisaidie mawazo jamani, sponji peke yake naona haitoshi.

Haya, narudi kwenye msuli. Siku njema!