Kitabu cha Kumi Hakichoshi, Ni Nyinyi Hamjawahi Kungoja Mtu

Nimemaliza kurudia vitabu 13 vya The Wheel of Time. Nasema vitabu, maana ile tamthilia ya Prime Video waliikata Mei 2025 baada ya misimu mitatu tu wakatuacha midomo wazi. Vitabu vyenyewe ni vinene, kimoja ukikiegemeza mlangoni upepo wa kusi haubamizi kitu. Nilianza kaskazi ikivuma, nimemaliza kusi imeshaingia na baadhi ya mahoteli hapa Diani yamefungwa yanangoja mvua ziishe.

Na cha 14, cha mwisho kabisa, sijakifungua. Sijawahi kukisoma. Kilitoka Januari 2013, mimi niko darasa la pili, kwa hivyo msidhani namngoja mwandishi kama wenzetu wa Game of Thrones wanaomngoja George R. R. Martin tangu 2011. Wale Mungu awape subira. Changu kiko kwenye simu, kimelipiwa, kinaniangalia tu.

Kwa asiyejua, haraka haraka: Robert Jordan, jina lake la kuzaliwa James Oliver Rigney, Mmarekani wa Charleston aliyepigana vita vya Vietnam, alitoa kitabu cha kwanza, The Eye of the World, mwaka 1990. Usiku mmoja mazimwi yanavamia kijiji, vijana watatu wanatoroka, na mmoja wao, Rand, anakuja kujua kwamba ndiye aliyetabiriwa kupigana na Shetani mwenyewe. Ukisikia hivyo utasema mbona hii nishaisoma. Sawa. Ila hii ina maneno zaidi ya milioni 4 na watu wengi hadi unamsahau mtu, anarudi baada ya vitabu vitatu, unaona haya kama umekutana na mwalimu wako wa chekechea stendi ya Ukunda.

Tulianza kuvisoma wawili, mimi na binti wa mjomba wangu. Mjomba alikuwa akisafisha vyumba kwenye hoteli moja ya ufuoni, na wageni wakiondoka huacha vitabu. Vingi ni vya mapenzi na vya polisi. Siku moja akaja na The Eye of the World, kurasa zimejaa mchanga na harufu ya mafuta ya kujipaka juani, pamoja na kingine cha mfululizo huo huo kwa Kijerumani. (Wajerumani walivigawa, kitabu kimoja kikatoka viwili au zaidi. Kwa hivyo kile chetu ni chembamba, na meza tunayokiwekea chini ya mguu bado inayumba.)

Tulisoma kwa zamu. Yeye sura, mimi sura, halafu kila mmoja anamhadithia mwenzake kwa lugha ya nyumbani, Kiswahili na Kidigo vimechanganyika, maana Kiingereza chetu wakati ule kilikuwa kinakwama kila aya ya tatu. Trollocs zikawa mazimwi. Aes Sedai, wale wanawake wa Mnara Mweupe wenye nguvu za ajabu, tukawaita makungwi, kwa vile wanajua kila kitu na hawakuambii kitu. Mat Cauthon alikuwa kondakta wa matatu za Likoni: mdomo, kamari, bahati isiyoelezeka, na moyo mzuri anaouficha asichekwe. Nynaeve kila akikasirika anavuta msuko wake, na binamu yangu akaanza kunivutia wangu kila nikimchelewesha kurasa.

Halafu kuna Ogier, majitu wapole wanaopenda vitabu na miti. Kwao panaitwa stedding, msitu ambao ukiingia, nguvu zote za uchawi unaziacha nje, uwe nani, uwe nani. Binamu yangu alifika hapo akacheka. "We mwana, hii si kaya hii?" Wallahi ni kaya. Kaya Kinondo iko hapa hapa Diani, ukiingia unafungwa shuka nyeusi kiunoni, unafuata masharti ya wazee, huchomoki hata na kijiti, na cheo chako cha barabarani hakikusaidii. Tumezungukwa na misitu ambayo UNESCO waliitia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, na tukaja kuishangaa kwenye kitabu cha mtu wa Charleston.

Kuna jambo moja kuhusu Ogier ambalo mara ya kwanza nililipita mbio kwa sababu nilitaka vita. Ogier akikaa nje ya stedding muda mrefu mno, mwili unaanza kuzorota. Anapatamani kwao hadi anaugua, na asiporudi anakufa. Loial, yule Ogier anayesafiri na wenzake, anajua hivyo tangu mwanzo. Anaondoka hivyo hivyo.

Binamu yangu yuko Dammam. Alienda kazi za nyumbani, mkataba wa miaka miwili, tukiwa ndio tumemaliza kitabu cha 13. Tuliahidiana kwamba cha 14 tutakisoma pamoja akirudi, barazani, kwa zamu kama zamani. Miaka miwili ikaisha. Karo za wadogo zake hazikuisha, akatia saini tena. Saa zetu na za Saudia ni zile zile, saa nne yangu ya usiku ndiyo saa nne yake, ila yake bado ana vyombo.

Basi ndiyo maana nikarudi kitabu cha kwanza. Nilijiambia nitavirudia vyote nisisahau, ili akija tuanze tu.

Sasa tuje kwenye Crossroads of Twilight, kitabu cha 10. Hiki mashabiki wamekitukana zaidi ya miaka 20. Utaambiwa ukiruke, usome muhtasari. Na ukijua historia unaelewa hasira yao. Cha 9, Winter's Heart, kilitoka 2000 na mwisho wake ni moto (kama hujafika, ruka aya hii): Rand na Nynaeve wanasafisha ile nusu ya nguvu inayotumiwa na wanaume, iliyokuwa imetiwa sumu zaidi ya miaka 3,000. Watu wakangoja hadi Januari 2003 wajue nini kimefuata. Wakafungua cha 10, wakakuta kurasa mamia za watu wengine, walio mbali, wanaoona tu mwanga mkubwa upeoni au kuhisi kwamba kuna jambo linatendeka kule. Hawajui ni nini. Wanabishana. Wanarudi kwenye shughuli zao. Elayne anaoga. Sikatai, Elayne anaoga sana.

Mara ya kwanza na mimi nilikikasirikia. Safari hii nilikisoma polepole na kuna sehemu ilibidi niweke simu chini.

Perrin, mtoto wa kijiji, fundi wa chuma, ametekewa mke. Kitabu kizima anamtafuta Faile na hampati. Ana kamba ya ngozi, kila siku inayopita anafunga fundo. Hakuna panga hapo, hakuna uchawi. Ni mwanamume na mafundo yake. Watu wanasema hadithi ya Perrin imevutwa mno, ingemalizwa kwa sura mbili. Mimi namwona mjomba. Kuna kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi ukutani kwake, kila asubuhi kabla ya chai anachukua kalamu anakata siku. Kalenda ya kwanza iliisha, ya pili ikaisha, sasa kuna ya tatu, na hajawahi kusema neno kuhusu jambo hilo. Ungemwambia mjomba kwamba sehemu hii imevutwa mno, angekubaliana nawe.

Na ule mwanga wa mbali, si ndio maisha ya nyumba yoyote yenye mtu ughaibuni? Mambo makubwa yanatokea kule ambako hatupo. Huku tunaona dalili tu. Alikuwa hewani saa nane usiku, halafu kimya siku tatu. M-Pesa imeingia bila salamu. Picha ya wasifu ameitoa. Mjomba anasema ana kazi nyingi. Mke wa mjomba hasemi, anaacha kula. Mimi nasema pengine bando limeisha. Kila mmoja ana tafsiri yake, kama vile mabinti wa Mnara Mweupe wanavyoutafsiri ule mwanga kila mmoja kwa hofu yake. Halafu mtu anakumbuka nazi haijakunwa, tunainuka. Jordan alijua kitu hapo. Mtu aliyetoka vitani pengine anajua barua za nyumbani zinavyosomwa.

Simtetei kwa kila kitu. Siasa za Mnara zinarudiwarudiwa, utangulizi wa vitabu vya katikati ni mrefu kama foleni ya feri mkesha wa Idi, na majina yenyewe utadhani alikuwa akilipwa kwa kila jina. Lakini kusema kitabu cha 10 hakina kinachotokea, hapana. Kungoja kunatokea. Ni vile tu ukiwa na miaka 16 na mtu wako yuko chumba cha pili hulioni hilo.

Jordan mwenyewe hakufika mwisho. Mwaka 2006 aliwaambia wasomaji wake kwamba ana ugonjwa wa damu unaoshambulia moyo, na tarehe 16 Septemba 2007 akafariki. Kitabu cha mwisho kilikuwa kwenye daftari na kichwani mwake. Kinachonimaliza ni alichofanya wiki zile za mwisho: aliisimulia hadithi kwa mdomo. Alimhadithia mkewe Harriet, ambaye ndiye alikuwa mhariri wake, na binamu yake Wilson. Binamu! Mtu ameandika mamilioni ya maneno, mwisho amebaki na kile ambacho bibi zetu walikuwa nacho, sauti na watu wawili kando ya kitanda.

Harriet ndiye aliyemchagua kijana Brandon Sanderson amalizie. Kitabu kimoja kilichobaki kikawa vitatu. Wapo wanaosema vile vitatu si halali. Mimi nakubali kwamba Mat wa The Gathering Storm anachekesha kama mtu anayemwigiza Mat. Hilo lipo. Ila niliposoma cha 12 na 13 mara ya pili nilikuwa nasikia mtu anayebeba mzigo wa marehemu kwa adabu, anaangalia asiumwage. Hainisumbui tena kwamba mkono ni mwingine.

Wiki iliyopita nilimtumia binamu yangu ujumbe kwamba nimemaliza vyote 13, niko tayari, yeye ni lini. Akajibu kwa sauti, nyuma yake pasi inapumua mvuke. "We soma tu, mwana. Usiningoje. Halafu utanihadithia." Halafu baada ya dakika, ujumbe mwingine: "Kwani Loial anafika kwao?"

Nilimwambia sijui. Sijasoma.

Tukabishana siku mbili. Yeye anasema ahadi ya watoto, mimi nasema ahadi ni ahadi. Hatimaye tukaelewana hivi: nasoma sura moja kwa sauti, najirekodi, namtumia. Sio Kiingereza kitupu, namhadithia kwa lugha yetu, makungwi na mazimwi yote. Anasikiliza akipiga pasi, sikio moja. Mimi ni marufuku kusoma sura inayofuata kabla hajamaliza hii, hata nikifa kwa hamu. Akikaa siku tano kimya, na mimi nakaa siku tano.

Tumeshapiga hesabu. Sura ya 37, vita vya mwisho vyenyewe, peke yake ina karibu maneno 80,000. Hiyo ni riwaya nzima ndani ya sura. Hapo bando langu na koo langu sijui nani atatangulia kuisha, na yeye ameshasema nisithubutu kukatisha mahali Mat anaongea.

Juzi usiku, wakati stima imepotea na nje hakuna kelele, nilirekodi sehemu ya kwanza ya utangulizi. Dakika 19. Nimetuma. Zipo alama mbili, bado hazijawa za buluu.