Kengeleni: Mji wa Waliosoma Pamoja Ugenini

Mtu atokaye kisiwa cha Mombasa na kuvuka daraja la Nyali hufika upesi mahali paitwapo Kengeleni. Hapo njia hugawanyika. Magari hupiga honi, wachuuzi hutandaza bidhaa zao, na abiria hushuka kwa haraka wakaenda zao Kisauni, Nyali au Bamburi. Wengi wao hawautazami mnara mdogo wa kengele usimamao kando ya njia, ingawa ndio uliopapa mahali hapo jina lake. Zamani kengele hiyo ilipigwa kuwaonya watu kwamba hatari inakuja, maana wenyeji wa mji huo walikuwa watumwa waliokombolewa, na wako waliotaka kuwateka tena.

Waingereza waliuita mji huo Frere Town, kwa heshima ya Sir Bartle Frere, aliyepata kuwa Gavana wa Bombay, na ambaye mwaka 1873 alifika Unguja kumtaka Seyyid Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Mkataba ulitiwa sahihi mwaka huo huo, na soko la watumwa likafungwa. Mwishoni mwa mwaka 1874 Padre W. S. Price wa misheni ya C.M.S. alifika Mombasa, ardhi ikanunuliwa ng'ambo ya kisiwa, na mji ukaanza kujengwa. Lakini watu waliousimamisha mji huo katika siku zake za kwanza hawakutoka pwani, wala hawakutoka Ulaya. Walikuwa Waafrika waliotoka Bara Hindi, na wengi wao walikuwa wamesoma katika shule moja.

SHULE YA NASIK

Katikati ya karne ya 19 manowari za Kiingereza zilikuwa zikiyavizia majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi. Watoto waliopatikana humo hawakuweza kurudishwa makwao. Wengi walikuwa wametoka mbali sana, katika nchi za Wayao na za kando ya ziwa Nyasa, na mtoto mdogo hawezi kueleza njia ya miezi mingi aliyopitishwa akiwa amefungwa. Kumshusha pwani tu kulikuwa sawa na kumrudisha mikononi mwa waliomwuza. Basi baadhi yao walipelekwa Bombay, na kutoka huko wengine wakapelekwa bara, mwendo wa kilomita zipatazo 170, hata mahali paitwapo Sharanpur, karibu na mji wa Nasik ulio kando ya mto Godavari. Huko palikuwa na kijiji cha misheni na shule, na mkuu wake alikuwa yule yule Padre Price.

Watoto hao walifundishwa kusoma na kuandika, lugha ya Kiingereza, na kazi za mikono kama useremala na uhunzi. Walipewa majina mapya. Kijana mmoja wa Kiyao aliyeitwa Chengwimbe akawa Matthew Wellington. Mwingine, wa kabila hilo hilo, akawa Jacob Wainwright. Walikua wakizoea vyakula vya Kihindi na kusikia lugha za Kihindi, na lugha za mama zao zikafifia vinywani mwao.

Yafaa msomaji afikiri kidogo juu ya hali yao. Kwa desturi zetu, mtu akiugua ana mjomba. Akifiwa ana ukoo wake. Akitaka kuoa, wako wazee wa kumpelekea posa. Watoto wa Nasik hawakuwa na mjomba wala wazee. Mtu wa pekee aliyejua kwamba fulani huota ndoto mbaya usiku, au kwamba fulani alikuwa na dada aliyeuzwa kwingine, ni yule aliyelala naye katika bweni moja. Wahenga walisema, ndugu ni kufaana, si kufanana. Kwa watoto hao maneno hayo hayakuwa methali ya kupamba mazungumzo, bali ndiyo maisha yenyewe, kwa kuwa wa kufanana nao hawakuwa nao tena.

MZIGO WA CHITAMBO

Si kweli kwamba kila aliyetoka katika shule hiyo alikuwa mwaminifu. Mwaka 1866, Daktari Livingstone alipoingia bara kwa safari yake ya mwisho, alichukua vijana tisa wa Nasik. Safari ilikuwa na njaa na maradhi, naye Daktari aliwalaumu mara nyingi kwa uvivu, na wako waliomwacha njiani. Hata hivyo Edward Gardner alibaki naye miaka yote, kama vile walivyobaki Susi na Chuma, ambao majina yao yanajulikana zaidi.

Mwezi wa Agosti 1872 watu 57 walimfikia Livingstone huko Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, wakiwa wamepelekwa na Stanley kutoka pwani. Miongoni mwao walikuwamo vijana wengine wa Nasik, kama Jacob Wainwright na ndugu yake John, Matthew Wellington na Carus Farrar. Walikuwa wamerudi Afrika, lakini hawakurudi kwao. Nchi walizopita zilikuwa ngeni kwao, na nguo zao na matamko yao yaliwafanya waonekane wageni kila walikopiga hema. Walikuwa ugenini katika bara walilozaliwa.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha mfalme Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Alikutwa alfajiri amepiga magoti kando ya kitanda chake. Wafuasi wake wangeweza kumzika hapo na kutawanyika, na hakuna mtu ambaye angewalaumu. Wao waliamua kumchukua hata pwani. Moyo wake ulizikwa chini ya mti. Kazi ya kuutengeneza mwili ilifanywa na Farijala, aliyepata kumtumikia daktari mmoja Unguja, akisaidiwa na Carus Farrar. Mwili ulitiwa chumvi, ukaanikwa juani siku 14, ukafungwa kwa nguo na gome la mti, kisha kwa turubai. Jacob Wainwright ndiye aliyesoma sala za maziko, akaandika orodha ya vitu vyote vya marehemu ili kusiwe na shaka baadaye, akachonga jina na siku katika mti ule. Hapo elimu ya Nasik ilionyesha faida yake: kulikuwa na mtu wa kusoma, mtu wa kuandika, na mtu asiyeogopa kazi ya mikono.

Siku chache baada ya kuondoka, watu wengi wa msafara waliugua hata wasiweze kutembea. Misafara mingi ya siku zile ilimwacha mgonjwa njiani na kuendelea. Msafara huu ulikaa karibu mwezi mzima, wazima wakiwauguza wagonjwa, kisha wakaendelea. Walipofika Unyanyembe mwezi wa Oktoba, walimkuta Mwingereza Cameron, aliyekuwa amekuja kumtafuta Livingstone. Yeye aliwashauri wauzike mwili hapo hapo, wasijitie katika taabu zaidi. Walikataa. Mbele ya hapo, katika kijiji cha Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipitishwe katika nchi yao. Basi wakafunga mabua ya mtama mfano wa maiti, wakawatuma watu warudi nayo nyuma kama waendao kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga upya ufanane na mtumba wa nguo. Mwezi wa Februari 1874 waliingia Bagamoyo.

Huko pwani walilipwa mishahara yao, wakaambiwa waende zao. Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyefuatana na mwili hata Uingereza, akawa miongoni mwa waliolishika jeneza katika kanisa la Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, maziko yakiwa yamekwisha. Baadaye nishani zilitengenezwa kwa ajili ya waliouchukua mwili, lakini wengi walikuwa wametawanyika wasizipate.

UA NA MLANGO WAKE

Wakati huo huo mji wa Kisauni ulikuwa ukihitaji watu. Wanafunzi wengine wa Nasik walikuwa wametangulia zamani. Mwaka 1864 William Jones na Ishmael Semler walikuwa wamekwisha kufika Rabai kusaidia kazi iliyoanzishwa na Krapf na Rebmann. Price alipofungua Frere Town, Waafrika wapatao 150 waliotoka Bombay na Nasik wakawa ndio walimu, mafundi, wakalimani na wasimamizi wake. Watumwa waliokombolewa na manowari walishushwa hapo wakiwa uchi na wadhaifu, nao walipokewa na watu waliopita katika njia ile ile walipokuwa watoto. Matthew Wellington naye akaja kukaa Mombasa.

Maisha hayakuwa mepesi. Wenye watumwa wa pwani waliutazama mji huo kwa chuki, na mara kwa mara watu walikesha wakingojea kushambuliwa. Wenyeji hawakuwajua kama ndugu, na Wazungu wengi hawakuwajua kama walio sawa nao. Wao kwa wao walijulikana. Aliyekuwa mgonjwa alitazamwa na waliosoma naye, na watoto wa marehemu walikuwa na baba wengine waliokaa zamani katika dawati moja na baba yao.

Lakini udugu wa namna hii una hatari yake. Watu wa Bombay walivaa nguo za Kizungu, walisema Kiingereza, na baadhi yao waliwadharau wale waliokombolewa karibuni, ambao waliitwa mateka. Kilichokuwa kinga kwao kikataka kuwa ua wa kuwafungia wengine nje. Jambo hili laweza kuonekana hata leo katika miji yetu, pale ambapo waliosoma shule moja hupeana kazi na kusaidiana kwa ada na maziko, huku jirani asiyejua wimbo wa shule yao akikosa wa kumfaa.

Wale walio bora kati yao waliufungua mlango wa ua huo. Habari hiyo yapatikana Rabai, na msafiri aliyeona mnara wa Kengeleni hana budi kwenda huko pia. Njia ya Mazeras hupanda kutoka joto la pwani mpaka vilimani penye minazi mirefu na upepo mwanana. Huko lipo kanisa la Mtakatifu Paulo, na nyumba za zamani za wamisheni bado zatazamwa na wageni. Kutoka huko bahari huonekana kwa mbali.

Katika miaka ya 1880 watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia vilima hivyo. William Jones, aliyekuwa msimamizi wa Rabai, na ambaye mwaka 1885 alitiwa mikono kuwa shemasi pamoja na mwenzake Semler, alijua kwamba kuwapokea ni kujitafutia vita. Misheni yenyewe haikuwa na ruhusa ya kuwaficha watoro, na wenyewe walikuwa wakitishia kuja na bunduki. Hata hivyo watoro waliendelea kuingia, wakajenga vibanda, wakalima mihogo na mahindi. Mwaka 1888, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi zake Mombasa, ilikuta watoro zaidi ya 1,400 katika misheni. Mkuu wake, Bw. George Mackenzie, aliona kwamba kuwarudisha ni dhuluma na kutowarudisha ni vita, akapatana na wenyewe awalipe fidia. Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, watoro hao walipewa vyeti vya uhuru, kila mtu chake.

Watu hao hawakupata kuiona Nasik, wala hawakujua herufi moja. Lakini kilichowaokoa kilianza katika shule ile. Mtoto aliyetolewa katika jahazi, akalelewa na wageni na kufarijiwa na watoto wenzake, alipokuwa mtu mzima hakuweza kumfungia mlango mtu aliyekimbia mnyororo ule ule.

KENGELE YA LEO

Jacob Wainwright alifariki huko Urambo, Unyamwezi, mwaka 1892, mbali na wenzake. Matthew Wellington aliishi miaka mingi zaidi, mpaka akawa mzee aliyejulikana Mombasa kuwa wa mwisho katika wale waliomchukua Livingstone. Alifariki mwaka 1935. Mwaka mmoja kabla ya hapo kitabu cha Uhuru wa Watumwa kilikuwa kimekwisha kupigwa chapa, nacho kiliandikwa na James Mbotela, mtoto wa Frere Town. Hivyo mji ulioanzishwa na watu wasio na wazee ulikuwa umekwisha kupata wazee wake na mwandishi wake.

Leo wazao wao wametawanyika Kisauni, Rabai na miji mingine ya Kenya, na wengi wameoana na makabila mengine. Shule ya Nasik haiwahusu tena ila kwa masimulizi. Mnara wa kengele ungali unasimama penye vumbi na kelele za magari. Karani aliyehamishiwa mji asioujua, au mkulima ampelekaye mwanawe shule ya mbali, akipita hapo hatapoteza wakati akisimama dakika mbili autazame. Mtoto ampelekaye hatapata shuleni elimu ya vitabu peke yake. Atapata watu, na huenda siku moja, katika nchi ya mbali, watu hao wakawa ndio watakaokaa kando ya kitanda chake. Naye yampasa afundishwe mapema kwamba siku hiyo ikipita, asisahau kumfungulia mlango mtu mwingine.