Vinu vya Wanaoanza

Nilipokuwa mdogo, hapa Uvira, mashariki mwa Kongo, hakukuwa na mtu aliyefundishwa kutwanga sombe. Mtoto alikaa kando ya mama yake akichambua majani ya muhogo, akitupa vikonyo vigumu na kufukuza kuku. Siku moja alikuta mchi umeegemea ukuta, akaushika. Kuanzia hapo alitwanga, na mama hakusema neno ila majani yakiruka nje. Kinu, lungo na mwiko vilikuwa vyombo vya kazi. Kuvikusanya ili mtu ajifunzie ni jambo ambalo halikumjia mtu akilini.

Oktoba 1996 vita vilipotufikia, shangazi yangu alivuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma pamoja na maelfu ya watu wa pwani hii. Mtu anayekimbia habebi kinu. Katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka huohuo, mgawo ulikuwa unga wa mahindi, na watoto wake walikua wakijua ugali mweupe wa mahindi kuliko bugali wa muhogo. Kisha ukaja mwaka wa 2016, mwaka ambao Wakongo waliongoza kati ya wakimbizi waliopokewa Marekani, zaidi ya 16,000. Shangazi alikuwa miongoni mwao. Akapelekwa Grand Rapids, Michigan, mji wenye theluji, ambako maduka ya Waafrika huuza sombe iliyosagwa na kugandishwa katika mifuko.

“Tunakula, mwanangu, tunashiba,” aliniambia kwa simu. “Lakini mikono ya hawa watoto haijui kitu.” Alikuwa amepewa ukumbi wa kanisa Jumamosi mchana. Akaniomba vyombo.

Nikaanza na kinu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kinu cha mtu anayejua si kinu cha mtu anayeanza. Mama zetu hupenda kinu kizito chenye mdomo mpana, kwa sababu mikono yao haipotezi jani. Anayeanza anahitaji kinu chenye shimo refu na mdomo mwembamba kiasi, mchi mwepesi usiomchubua viganja, na mchi wa pili kwa ajili ya mwalimu, ili watwange pamoja na mwili wa mwanafunzi ushike mwendo. Fundi wa kuchonga alinisikiliza kwa mashaka. Hata hivyo alichonga, na nikamsihi asiache gome hata kidogo, maana forodha ya Marekani hukagua vitu vya mbao ikitafuta wadudu. Kinu kipya nacho huachia vumbi la mti katika mboga. Tulikitwangia pumba, tukakiosha, tukarudia, mpaka maji yakatoka safi. Kikapita mpaka wa Kavimvira kwenda Bujumbura, kikapanda ndege ndani ya sanduku la msafiri, kimejazwa nguo za watoto ili nafasi isipotee.

Lungo tulipata kwa urahisi, mwiko pia. Chungu cha udongo nilikikataa. Najua wako wanaosema sombe bila chungu si sombe, lakini sufuria inaivisha vizuri, na somo lenyewe liko kwenye mchi.

Vyombo vilipofika, yakaja maswali ambayo sisi hatukuwahi kuuliza. Wale vijana wamesoma shule za kule. Ukiwaambia fanya hivi, wanataka sababu. Mama alikuwa akituamuru tu: sufuria ya sombe usiifunike mapema. Kwa nini? Shangazi akaniuliza mimi, nami nikamuuliza muuguzi jirani yangu. Akanieleza kwamba majani mabichi ya muhogo yana sianidi iliyojificha. Mchi unapoyaponda, sumu hiyo inaachiliwa. Maji yanapochemka kwa muda wa kutosha, inatoka na mvuke. Tangu siku ile naheshimu zaidi akili ya wale walioanzisha mboga hii kwa mmea uliotoka Amerika ya Kusini ukavuka bahari na Wareno. Walipata njia iliyo salama kwa kutazama na kuonja, wakaiachia mikono iikumbuke.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba nyingi na kuua watu. Katika nyumba ya mama kinu kilikwenda na maji pamoja na kila kitu kilichokuwa uani. Wengi waliojenga upya hawakununua kinu tena. Sombe husagwa kwa mashine. Unalipa, unaondoka na mfuko wako. Siwalaumu, kwa sababu mwanamke aliyepoteza nyumba ana mengi ya kufanya kuliko kutwanga. Ila binti zangu walianza kufanana na watoto wa Grand Rapids, nao wako hatua chache tu kutoka ziwani, ndagala, dagaa wa ziwa hili, wakianikwa mbele ya macho yao.

Kwa hiyo niliporudi kwa fundi kuagiza vinu vingine vya shangazi, niliongeza kimoja cha nyumbani, chenye shimo lilelile refu na michi miwili myepesi. Jirani alikiona akaagiza chake. Sasa fundi huchonga aina mbili, na ile ya wanaoanza huiuza hapahapa Uvira, kwa akina mama wenye watoto wa miaka minane, tisa. Shangazi bado anangoja vyake. Nimeahidi kumtumia pamoja na ndagala wakavu na chupa ya mawese.