Uvimbe wa Nyau

Kijiweni Bombambili walicheka mpaka basi. Paka anapelekwa kwa dokta? Washikaji haohao, ng'ombe wa kwao akikohoa tu, bwana mifugo anafuatwa mbio. Ng'ombe ana bei, bwana. Paka hana.

Nyau ni wa bibi yangu. Tumbo lilipoanza kujaa, mtaa mzima ulitoa hukumu: ana mimba. Mimi nikahesabu. Mimba ya paka ni siku 63 hivi. Huyu alikuwa anaingia mwezi wa nne, mgongo umebaki mifupa, chakula ananusa tu. Jirani akaja na kidonge cha Panadol. Bibi akakikataa, na wewe msomaji mwenye paka nyumbani sikia hili: kidonge kimoja tu kinaweza kumuua. Ini la paka haliimudu dawa ile.

Daktari wa mifugo tuliyempata hakuwa na mashine ya kuonea tumboni. Alikuwa na vidole. Alimsimamisha Nyau mezani, akampapasa polepole, macho juu darini, kama mtu anayetafuta funguo gizani. Kinyesi kilichokauka, alisema, ukikibonyeza kinaacha alama; hiki hakibonyei. Kibofu kilichojaa hukaa nyuma. Hiki kipo katikati, tena kinasogea. Kusogea ni dalili njema kidogo: huenda hakijashikana na viungo vingine. Huenda. Zaidi ya hapo, lazima kupasua.

"Shilingi ngapi?" bibi akauliza. Akatajiwa. Kimya.

Mjomba akasema, "Mama, mbona paka wa bure wamejaa sokoni?"

"Na huyu aliyenilindia mahindi yangu miaka sita, naye yumo sokoni?"

Akauza madebe mawili ya mahindi yaleyale.

Nyau alichomwa sindano ya usingizi, akapasuliwa. Kwenye ovari ya kushoto palining'inia kitu kama ngumi ya mtoto. Vikatolewa vyote, ovari mbili na mji wa mimba. Sasa je, ni saratani au siyo? Kwa macho matupu hujui. Lazima kikatwe vipande vyembamba, kitazamwe kwa hadubini. Dokta akakata kipande, akakitia kwenye chupa ya fomalini, kikapanda basi la alfajiri kwenda Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, wanakofundishwa madaktari wa mifugo.

Siku ya tatu Nyau alikula dagaa wanne wa Nyasa, akaacha vichwa. Majibu ya Morogoro bado.