Mvua ya siku ya mwisho



Mabibi harusi wanaokuja kwangu kupimwa nguo huniuliza, “Dada, harusi ikisha twende wapi?” Wapo wanaotaja Dubai, wapo wanaotaja Uturuki. Mie sipingi, mwenye nafasi aende. Lakini safari iliyonifaa zaidi katika ndoa yangu ilikuwa ya siku tatu, hapahapa Unguja, juu ya Vespa. Na siku yenye faida ilikuwa ya mwisho, tuliporudi mjini na mvua ikitupiga.

Ilikuwa baada ya Iddi, na masika yameshakolea. Harusi za Shaabani zilikuwa zimenichosha, halafu zikafuata nguo za sikukuu. Baba watoto alikuwa amepata kazi Muscat, mkataba wa miaka miwili, na alitakiwa atoe jibu wiki ile. Nyumbani tukilianza jambo hilo, mara mtoto analia, mara mteja anapiga simu, mara mmoja anakunja uso na mwenziwe ananyamaza. Akasema, “Watoto tuwapeleke kwa bibi yao, twende tukawasalimie wazee.” Tukalala Nungwi kwa shangazi yake, kisha Makunduchi kwa mama yangu mdogo. Siku mbili zikapita, la Muscat hakuna aliyeligusa.

Siku ya tatu tuliondoka Makunduchi baada ya Adhuhuri. Tulipopita Muyuni wingu lilikuwa jeusi nyuma yetu, na kabla ya Kitogani mvua ikatukuta.

Hapa nisimame kidogo kama fundi. Kwenye pikipiki usivae baibui la mikono mipana wala shifoni inayopepea. Vaa krepu nzito kidogo, iliyokatwa pana chini ili ukae vizuri bila ya kuipandisha, na suruali ndani. Mtandio wa jezi hautelezi kama wa hariri; ncha zake zitie ndani ya koti. Pindo la baibui likusanye ulikalie, maana nguo ikinasa kwenye gurudumu au cheni humvuta mtu chini. Usikae upande, na helmeti ivae juu ya mtandio.

Tuendelee. Njia ya Jozani ina matuta, yamewekwa ili gari zipunguze mwendo kwa ajili ya kima punju wanaokatisha barabara. Magurudumu ya Vespa ni madogo, na lami iliyolowa yenye majani inateleza. Akapunguza mwendo mpaka ikawa kama tunakwenda kwa miguu. Mie namuona kisogo tu, maji yanachuruzika kwenye kola, naye uso wangu hauoni. Nikasema, “Ukenda, usiku mtoto akibanwa na pumu nani atanipeleka hospitali?”

Alinyamaza. Tukavuka tuta moja, ndipo akasema, “Hilo ndilo linaloninyima usingizi.”

Miezi miwili tunalala kitanda kimoja, na neno hilo sikuwahi kulisikia.

Tukaendelea kuzungumza kwa kupiga kelele, maana mvua ilikuwa inapiga helmeti. Mshahara kiasi gani. Kodi ya duka langu. Deni la cherehani ya ovaloki. Mama yake anayeumwa miguu. Nikamkumbusha kisa mashuhuri cha Sayyidna Umar, alivyomuuliza bintiye Hafsa mke anaweza kumvumilia kwa muda gani mume aliye mbali, na baada ya jibu lake akawawekea askari wake kikomo cha miezi. Sebuleni mazungumzo kama hayo yangekuwa ugomvi. Siku ile kila mmoja alisema lake mpaka mwisho.

Karibu na Tunguu Vespa ikazima, maji yameingia kwenye plagi. Tukaisukuma mpaka kwenye nyumba moja. Akatoka mama mtu mzima, wala hakuuliza tumetoka wapi. “Ingia ndani mwanangu, Alasiri hiyo inaadhiniwa.” Akanipa kanga kavu na maji ya kutawadha, nikasali chumbani kwake. Wanazuoni wanatufundisha kuwa mvua inaponyesha ni wakati wa kutarajiwa kujibiwa dua, na dua ya msafiri nayo hutarajiwa hivyo hivyo. Nilikuwa na vyote viwili. Nikaomba Mola atuchagulie, kisha atupe moyo wa kuridhika na alichotuchagulia.

Nilipotoka nilimkuta barazani anaifuta plagi kwa sampuli ya satini ya mteja wangu, nyeupe pepe, imeshakuwa nyeusi. Nilicheka mpaka yule mama akatoka kutazama kuna nini. Wiki nzima nilikuwa sijacheka.

Tuliingia mjini karibu na Magharibi, tumelowa chapachapa, na jibu tunalo.

Alikwenda. Tulikubaliana kaka yangu ahamie kwetu, zitengwe pesa za teksi ya usiku ambazo haziguswi kwa lolote, na kila baada ya miezi sita arudi, hata kama nauli itakula mshahara. Sitawadanganya kuwa ni rahisi. Mtoto ameshabanwa mara mbili, na mara zote mbili nilitamani mlango ufunguliwe na baba yake. Lakini sijapata kulala nikijiuliza kama ametukimbia, kwa sababu najua alichokisema Jozani.

Basi bibi harusi, Dubai uende ukijaaliwa. Ila kabla ya akdi muulize mwenzako kuhusu madeni yake, wazazi wake, kazi ya mbali, na kazi yako wewe. Na mkishaoana, likiwapo neno linalokwama nyumbani, tokeni mkalizungumzie njiani. Hata daladala mpaka Bububu inatosha.

Mola azitilie baraka ndoa zenu, na wasafiri wetu wote awarudishe salama. Amin.