Usisugue Kiceri cha Zamani

Vijana wenzangu, hapa Buterere taka za Bujumbura zimemwagwa miaka mingi, na kwenye taka hutoka vyuma vya kila aina, hata sarafu, vile tunaviita biceri. Vingi vinauzwa kwa kilo pamoja na masufuria yaliyotoboka. Jamani, soma kwanza!

Angalia jina la nchi na mwaka. Ukikuta franka 1 yenye simba na maandishi "Rwanda" na "Burundi", ni ya 1960, 1961 ama 1964, wakati nchi hizi mbili zilitumia pesa moja. Yenye pembe sita na picha ya tembo ni franka 2 ya Kongo ya Wabelgiji, 1943. Yenye tundu katikati, imeandikwa "Deutsch Ostafrika", ni heller ya Wajerumani. Ile ya ndoto ni dhahabu ya Tabora, rupia 15 ya 1916, tembo mbele ya mlima. Hiyo usitegemee kuiokota.

Usisugue kwa mchanga wala ndimu. Wanunuzi wanapenda rangi yake ya uzee. Ukiisugua, bei inashuka.

Na tusidanganyane, nyingi bei yake ni ndogo. Mtu wa WhatsApp akikuahidi mamilioni, kisha anataka kwanza utume pesa ya karatasi, huyo ni tapeli. Mnunuzi wa kweli anatoa pesa, haombi. Sisi wakimbizi posho ikishaenda hairudi, na mwezi ni mrefu.