Kadi Mbili, Nyumba Moja

Wako wanaogombana kwa sababu ya meseji za saa sita usiku, na wako wanaogombana kwa sababu ya mawifi. Mimi na mume wangu tulinuniana siku tatu kwa sababu ya kadi ya grafiki. Usicheke. Kama mwenzi wako anapenda gemu za kompyuta, zamu yako inakuja.

Kwa wasioijua, kadi ya grafiki ni kile kifaa ndani ya kompyuta kinachochora unachokiona kwenye skrini. Kwenye gemu kazi yake ni nzito hasa. Ili picha iende laini, inatakiwa ichore fremu kama 60 kwa sekunde, yaani kila fremu ina milisekunde 16 na ushee tu. Mume wangu anayo GeForce GTX 1070, iliyotoka mwaka 2016. Enzi zake ilikuwa moto wa kuotea mbali, lakini gemu za siku hizi zinaitoa jasho. Basi akapata mtu anauza nyingine ya aina hiyo hiyo, mtumba. Kwake hesabu ilikuwa nyepesi: moja ukiongeza moja unapata mbili, kasi mara mbili, mambo safi.

Kilichoniudhi hata siyo kadi. Ni kwamba alishatoa advansi ya laki moja na nusu kutoka kwenye pesa yetu ya kodi ya nyumba, ndipo akaniambia. Si unajua Dar tena, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, na sisi tulibakiwa na miezi miwili tu.

Kwa nini mbili?

Siku ya nne nikavunja ukimya. Nikamuuliza, "Hivi mpenzi, kwa nini mbili? Kwa nini isiwe moja nzuri?" Jibu lake sikulitegemea. Akaniambia kwamba alipokuwa sekondari, kwenye intaneti kafe ya mtaani kwao, aliwahi kuona gazeti la kompyuta lenye picha ya kadi mbili zimekaa sambamba, zimeunganishwa kwa kidaraja kidogo juu. Akajiapiza siku akiwa na kazi yake, naye atakuwa nazo.

Na kweli jambo lenyewe lina historia. Mwaka 1998 kampuni ya 3dfx ilitoa kadi ya Voodoo2, ambayo ungeweza kuziunganisha mbili zikagawana mistari ya picha, hii inachora mmoja na ile unaofuata. Mfumo ukaitwa SLI. Baadaye NVIDIA ilinunua sehemu kubwa ya mali za 3dfx, na mwaka 2004 ikalirudisha jina hilo sokoni. Mwaka 2005 wapinzani wao, ATI, wakaja na CrossFire. Kwa miaka kadhaa, kuwa na kadi mbili ilikuwa ndiyo alama kwamba wewe kwenye gemu siyo wa mchezo.

Hapo hasira yangu ikapungua nusu. Nusu nyingine ilikuwa bado ya kodi.

Nane na nane ni nane

Mimi kazi yangu ni uhariri. Mtu akiniletea habari tamu, nauliza maswali. Nikamwambia tukae wote tuichunguze hii kitu kabla pesa nyingine haijatoka. Jumamosi ile tulikunywa chai birika zima.

Kwanza, kadi mbili zinataka bodi kuu ya kompyuta yenye nafasi mbili na inayoukubali mfumo huo, pamoja na lile daraja. Pili, umeme. GTX 1070 moja inakula hadi wati 150, kwa hiyo mbili ni 300 kabla hujahesabu kitu kingine. Pawasaplai yake isingefua dafu, na LUKU nani ananunua? Ni sisi hao hao. Joto nalo linaongezeka, na chumba chetu cha kompyuta kina feni moja ya mezani.

Tatu, hili lilimkata maini. Kila kadi ina memori ya GB 8. Ukiziunganisha kwa ajili ya gemu hupati 16, unabaki na 8 zile zile. Kwa kawaida zinapokezana, moja inachora fremu hii na nyingine inachora inayofuata, hivyo kila moja lazima iwe na nakala ya vitu vile vile. Na zisipokwenda kwa mdundo mmoja, fremu zinafika kwa vipindi visivyolingana. Namba inaonyesha kasi kubwa, lakini jicho linaona picha inakwamakwama.

La nne ndilo lililofunga mjadala. Ili gemu itumie kadi zote mbili, lazima iandaliwe kufanya hivyo. NVIDIA ilikuwa ikitengeneza maandalizi hayo gemu kwa gemu, na tangu tarehe 1 Januari 2021 haiongezi mapya kwa kadi za zamani kama yake. Kazi waliachiwa watengenezaji wa gemu, na ni wachache waliojihangaisha. Kadi za gemu za RTX 40, zilizoanza kutoka mwaka 2022, hazina hata sehemu ya kuchomeka daraja. Kwa hizo gemu mpya anazozitamani, kadi ya pili ingekaa tu ndani ya boksi inakula umeme.

Nilimtazama usoni. Hakuwa kama mtu aliyeshindwa ubishi. Alikuwa kama mtu aliyefika stendi akaambiwa basi la mwisho limeshaondoka. Sikumwambia "si nilikwambia." Ndoto ya mtu, hata ikiwa imepitwa na wakati, haichekwi.

Alimpigia simu muuzaji. Alirudishiwa laki moja, na elfu hamsini ikaliwa kama gharama ya usumbufu. Iliuma, lakini kodi ililipwa kwa tarehe. Sasa anajiwekea kidogo kidogo kwa ajili ya kadi moja mpya, na hii ya zamani ataiuza kuongezea.

Kwenu wawili

Wapenzi wengi wanaingia kwenye ndoa na hesabu ya mume wangu: mishahara miwili, raha mara mbili. Shoga yangu mmoja na mumewe wote wana kazi nzuri, lakini mwezi wao wa kwanza ndani walikuwa na mitungi miwili ya gesi imejaa, na bili ya maji hakuna aliyelipa. Nane na nane, nane.

Lakini kuna kazi ambazo kadi mbili zinazimudu vizuri hadi leo. Kwenye programu ya Blender, kwa mfano, zinaweza kugawana kazi ya kutengeneza picha, kila moja ikamaliza kipande chake bila kukimbizana na mwenzake. Kwetu tumejaribu hivyo hivyo. Yeye anashika kodi na umeme, mimi chakula na maji. Kila mmoja ana fungu dogo la kwake lisiloulizwa, la gemu au la saluni. Matumizi yoyote yanayozidi elfu hamsini, tunaambiana kabla, siyo baada.

Kwa hiyo leo jioni, kabla hamjawasha TV, ulizaneni: kati ya bili zetu, ipi tunailipa wawili, na ipi haina mwenyewe? Na kama mwenzako ana kitu alichokitamani tangu akiwa sekondari, muulize ni nini. Pengine hukijui.